Tangazo la kasino redioni, Marekani

Je, serikali ya Marekani inaweza kuzuia kila tangazo la kamari redioni eti kwa sababu kamari ina madhara? Hapana. Mwaka 1999, katika kesi ya watangazaji wa New Orleans, majaji wote wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba pale kasino ilipo halali, tangazo lake la kweli linalindwa na Katiba. Kilichoiponza serikali ni sheria yenyewe kujaa mianya: kasino za makabila ya wenyeji asilia ziliruhusiwa kujitangaza, za binafsi zikazibwa mdomo. Sasa hapo umemzuia nani? Ila mwaka 1993 kituo cha North Carolina, jimbo ambalo halikuwa na bahati nasibu, kilishindwa kesi. Kilikatazwa kutangaza bahati nasibu ya jimbo la Virginia. Tangazo la uongo, hilo halina kinga kabisa.