Uliza Anko: Amiri wa Malindi alitoka milimani, na maswali mengine ya Yunnan

Mwezi uliopita niligusia mstari mmoja tu, kwamba amiri wa zile meli za China zilizofika Malindi miaka 600 iliyopita hakuzaliwa pwani, alizaliwa mkoa wa Yunnan, milimani kabisa, kule China inakopakana na Burma (Myanmar ya leo), Laos na Vietnam. Nikasema pia kwamba nimeshafika huko. Basi simu haijapumzika tangu siku hiyo. Leo tunajibu Yunnan tupu, wenye maswali ya mahari na viwanja mnisamehe mpaka mwezi ujao.

Anko shikamoo. Mi ni wa Malindi, hapa hadithi ya twiga aliyepelekwa China tunaijua toka watoto. Ila mtu wa milimani kuongoza meli, hilo umelitoa wapi? Baharini alifikaje? (Msomaji, Malindi)

Marahaba mwanangu. Alifika kwa kutekwa, hakupenda. Jina lake la nyumbani ni Ma He, kazaliwa 1371 mji mdogo unaitwa Kunyang, kando ya ziwa Dian, kusini ya Kunming ambayo ndo makao makuu ya mkoa. Familia ya Kiislamu, baba haji, babu haji. Hebu piga picha mtu wa karne ya 14 anatoka milima ile anakwenda Maka na anarudi, hakuna ndege hakuna nini.

Uislamu ulifika huko na Wamongolia. Waliiteka Dali 1253, ufalme uliokuwa unajitawala wenyewe zaidi ya miaka 300, alafu 1274 wakamleta gavana kutoka Bukhara, Sayyid Ajall Shams al-Din Omar. Huyu alijenga mabwawa ya kuzuia mafuriko Kunming, akajenga misikiti, na hapo hapo akawajengea wengine hekalu la Confucius, mwalimu wao wa kale, na ukoo wa Ma He unahesabiwa kwake.

Sasa 1381 jeshi la Ming, ukoo mpya wa wafalme wa China, likaja kuwaondoa Wamongolia, baba mtu akafa, mtoto wa miaka kama 10 akachukuliwa mateka, akahasiwa, akapelekwa kumtumikia mmoja wa wana wa mfalme, na huyo mwana wa mfalme baadae akampindua mtoto wa kaka yake akakalia kiti 1402, kwahiyo towashi wake nae akapanda cheo, akapewa jina jipya Zheng He na akakabidhiwa meli. Safari 7, kuanzia 1405 mpaka 1433. Twiga wenu alifika kwa mfalme 1415 na watu wa ikulu wakasema huyu ni qilin, mnyama wa ngano anayejitokeza nchi ikipata mtawala mwema. Mjumbe wa Malindi akarudishwa nyumbani na meli za safari ya 5.

Pale Kunyang kuna bustani ya kumbukumbu, na ndani yake kaburi la baba mtu lenye jiwe la maandishi ya mwaka 1405, mwaka ule ule mwanae anaanza safari. Mimi Kichina sijui, jamaa niliyekuwa nae akanisomea kidole kikiwa juu ya herufi: baba anatajwa kwa jina la Hazhi. Akanirudia, Ha-zhi. Nikamwambia subiri kwanza, hiyo si Haji? Akacheka, akasema ndo hiyo hiyo.

Anko, ramani ya China naijua Beijing, Shanghai na Guangzhou tu. Hii Yunnan ni China ya kijijini? Na baridi ikoje, nibebe koti? (Dada wa mitumba, Arusha)

Dada yangu, Yunnan ina watu milioni 47 na ukubwa wa kilomita za mraba karibu 394,000, yani kwa idadi ya watu Kenya nzima haiko mbali na hapo. Jina lenyewe maana yake kusini ya mawingu. Ukiwauliza watu wa Shanghai watakwambia ni pembeni, mwisho wa nchi, mi nasema hapana, ule ni mlango wa nyuma, na kwa watu wa pale mlango wa nyuma ndo wa mbele. Chai yao miaka na miaka ilikuwa inapanda kwa misafara ya nyumbu na farasi mpaka Tibet, na mto wanaouita Lancang ukivuka mpaka unaitwa Mekong na unakwenda kumwaga maji yake Vietnam. Serikali inatambua makabila 25 pale ukiacha Wahan, ambao ndo wengi China: Wayi, Wabai, Wanaxi, Wahani, Wadai na kadhalika, na Wadai lugha yao ni ndugu na ya Walao na Wathai, kwahiyo mpaka umechorwa lakini harusi zinavuka.

Baridi: Kunming iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wanaiita mji wa majira ya machipuko ya milele, kwa mtu wa Arusha sweta moja linatosha. Ila ukipanda kaskazini kule Shangri-La, ambako mpaka 2001 kulikuwa kunaitwa Zhongdian, ni zaidi ya mita 3,000, hapo koti la maana dada. Na ukishuka kusini Xishuangbanna ni joto la Tanga, mgomba na mti wa mpira.

Kitu kilichonichanganya mimi ni saa. China yote inatumia saa za Beijing, na Yunnan iko magharibi sana, kwahiyo mwezi wa kwanza jua linachomoza karibu saa 2 asubuhi. Sisi tuliozoea saa 12 ndo alfajiri inaingia asubuhi, nimeamka siku ya kwanza nadhani simu imeharibika.

Sasa Anko. Guka (babu) yangu alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alipigana Bama (Burma). Alizoea kusema walienda "kufungua njia ya China". Hiyo njia ni gani na je, alifika huko? (Mjukuu wa askari, Nyeri)

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Njia ipo na inaishia Kunming. Wajapani walipochukua bandari za China, serikali ikabaki inatafuta pa kupitishia silaha, ikaamua kukata barabara kutoka Kunming mpaka Lashio, Burma, zaidi ya kilomita 1,100, ikakamilika 1938. Mashine hakuna. Watu kama 200,000 wa vijijini, wanawake, wazee na watoto kibao, kwa majembe na vikapu, na pipa la kushindilia barabara lilikuwa ni jiwe la duara zito ajabu linalovutwa kwa kamba, likishika kasi kwenye mteremko aliye mbele hana pa kukimbilia.

1942 Wajapani wakaichukua Lashio wakapanda mpaka bonde la mto Nu, ambao Burma unaitwa Salween, na tarehe 5 Mei Wachina wakalipua daraja lao wenyewe la Huitong ili adui asivuke. Hapo ndo wakakwama miaka miwili wakitazamana ng'ambo na ng'ambo. Mizigo ikawa inaletwa na ndege kutoka India juu ya Himalaya, na ndege nyingi sana zilianguka. Mwaka 1944 Wachina wakavuka mto, wakapigana mlima Songshan kuanzia Juni mpaka Septemba, na Tengchong nao ukarudi Septemba hiyo hiyo, mji wote kifusi. Leo pale kuna makaburi ya askari, vijiwe vidogo vidogo vimepangwa vinapanda kilima mpaka juu.

Guka yako sasa. Kama alikuwa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki basi yeye alikuwa upande wa pili wa Burma, wa mpakani na India, bonde la Kabaw, mwaka huo huo 1944, kwenye matope ya masika yao na malaria, wakasukuma mpaka Kalewa. China hakufika. Lakini vita ilikuwa moja, Wajapani walibanwa huku na huku, na msafara wa kwanza wa malori kutoka India uliingia Kunming tarehe 4 Februari 1945. Kwahiyo mzee hakudanganya. Kama kuna medali au barua zake hapo nyumbani usiziache zikaliwa na mchwa.

Anko, nafanya kazi shamba la maua Naivasha. Supervaiza anasema Wachina watatumaliza na waridi zao za Yunnan. Ukweli? (Mkata waridi, Naivasha)

Kwamba wanalima sana ni kweli. Kunming kuna soko la Dounan, kubwa kuliko yote Asia kwa maua ya kukata, wana mnada wa saa inayoshuka bei kama ule wa Waholanzi (bei inaanza juu, wa kwanza kuisimamisha ndo mnunuzi), na usiku watu wa kawaida wanajinunulia waridi mafungu makubwa kama sukuma wiki. Cha kuchekesha ni kwamba ziwa lenu na ziwa Dian yote mawili yako karibu mita 1,880 na kitu juu ya bahari, yani waridi linaona hewa ile ile, jua kali mchana na ubaridi usiku. Kama watawamaliza au la, muulize supervaiza, mi si mtu wa kusoma masoko.

Wale tembo waliotembea China 2021 walikuwa wa huko? Sisi huku wakija mashambani tunapiga madebe, wao walifanyaje? (Mkulima, Mikumi)

Wa huko huko. Walitoka Xishuangbanna, mpakani na Laos, wakapanda kaskazini kilomita kama 500 wakala mahindi ya watu njia nzima, na Juni 2021 wakafika vitongoji vya Kunming. Ile picha maarufu wamelala chini wote na mtoto katikati ilipigwa wilaya ya Jinning, na Kunyang ya Zheng He iko wilaya hiyo hiyo, nimeshindwa kulinyamazia hilo.

Walifanyaje? Droni angani saa 24, malori yamepangwa kuziba barabara za mjini, watu zaidi ya 150,000 wakahamishwa kwa muda njia nzima, na chakula kinamwagwa upande wanaotaka tembo waelekee, mahindi na mananasi. Tarehe 8 Agosti wakavuka mto Yuanjiang kurudi kusini, kwenye daraja la magari. Lakini kumbuka China nzima ina tembo pori kama 300 tu, kwahiyo kundi la 15 ni habari ya taifa. Sisi 15 ni Jumanne ya kawaida. Na msitu wao ulimegwa sana na mashamba ya mpira na chai, tembo akitoka msitu umekwisha hana kosa, hilo wewe wa Mikumi unalielewa kuliko mimi.

Mzee baba, mwezi wa 10 nina mzigo Guangzhou, nikibakiwa na siku 7 niende wapi Yunnan? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Kwanza usiende wiki ya kwanza ya Oktoba, ni sikukuu ya taifa, utaona migongo ya watu tu. Baada ya hapo panda treni mpaka Kunming, siku moja uende Shilin, msitu wa mawe, mawe yamesimama kama miti na unapotea ndani kweli. Alafu Dali, ziwa Erhai na nyumba nyeupe za Wabai, na kwa taarifa yako Kichina cha marumaru ni "jiwe la Dali", kwahiyo hata ile kaunta ya dukani kwako kwao inabeba jina la mji huu. Lijiang ni pazuri, iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia toka 1997, Wanaxi wana maandishi ya michoro ambayo makuhani wao bado wanayaandika, ila mji wa kale umejaa maduka ya ngoma zinazofanana, mi ningelala usiku mmoja nikimbie.

Ningeziokoa siku mbili niende Yuanyang kwenye matuta ya mpunga ya Wahani, mlima mzima umekatwa ngazi, na kuanzia Novemba hivi matuta yanajazwa maji mpaka mbingu inaonekana chini. Mtu wa Lushoto atanielewa. Mlima Kawagarbo, kule kaskazini mpakani na Tibet, utauona kwenye picha tu, mita 6,740, mrefu kuliko Kilimanjaro na hakuna aliyewahi kufika kileleni, 1991 wapandaji 17 walifia pale usiku mmoja na sasa ni marufuku kupanda, Watibeti wanauzunguka tu kwa miguu wakisali.

Kama una viza ya Laos pia, kuna treni ya Kunming mpaka Vientiane, kilomita 1,035, ilifunguliwa Desemba 2021. Mimi nilitaka kuona ile ya zamani, ya Wafaransa, iliyokamilika 1910 kutoka Haiphong. Reli yake ni mita moja kamili, sawasawa na ile ya Mombasa kwenda Kisumu.

Asalam aleikum Anko. Halali inapatikana? Na ulikula nini? (Mama Salma, Mombasa)

Waaleikum salaam mama. Inapatikana tele, tafuta bango la kijani lenye Kiarabu, Kunming pale mjini kati kuna msikiti wa Shuncheng. Nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi ikakaushwa, wanaita ganba, inakatwa nyembamba na kukaangwa na pilipili, nimebeba pakiti 4 na hazikufika Dar.

Mlo wao mkubwa ni tambi za mchele, wanaziita tambi za "kuvuka daraja". Wanakuletea bakuli la supu ya kuku, haitoi moshi hata kidogo, na visahani vya nyama mbichi, yai, mboga na tambi. Mi nikaona supu imepoa, nikapiga kijiko. Mama we! Juu kuna tabaka la mafuta limefunika mvuke, chini inachemka, ulimi wangu ulikufa siku mbili. Ile supu ndo inayoivisha nyama humo humo mezani, unatumbukiza nyama kwanza, mboga, tambi mwisho.

Na uyoga, msimu wa mvua. Kuna mmoja ukiuminya unageuka bluu, usipoiva vizuri unaona watu wadogo wanacheza mezani, si utani, hospitali za huko wanawajua wagonjwa hao. Kwahiyo mhudumu anaweka saa mezani ya kuhesabu dakika na vijiti vya kulia hakupi mpaka ilie. Tulikaa watu wazima wanne tunaitazama ile saa kama watoto wanaongoja futari.