Usikubali Kufomati Upesi: Hitilafu za Diski Bila Sidii ya Windows

Kompyuta nyingi tunazonunua hapa Mombasa ni za mtumba, na huja bila sidii yoyote. Siku Windows inapogoma kuwaka na kulalamika kwamba diski ina hitilafu, utaambiwa, "Hii ni ya kufomati tu." Nakusihi usikubali upesi. Mashine itarudi, lakini picha za harusi na hesabu za duka zitakuwa zimefutwa.

Kama ni kompyuta ya mezani, izime, chomoa stima, kisha ichomoe na kuirudisha kebo ya diski. Hewa yetu ya chumvi hula vyuma, na nimeona mashine ikipona kwa hilo pekee.

Haikupona? Okoa faili kwanza, ukarabati baadaye. Tafuta flashi ya GB 16 na kompyuta nyingine inayofanya kazi, hata ya saiba. Pakua Ubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, iandike kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus, kisha washa mashine yako kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Folda zako zitaonekana. Zinakili kwenye diski ya nje. Zikiwa zimefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Nasisitiza utaratibu huu kwa sababu ya laptopu ya jirani yangu wa Kisauni, mwalimu, iliyokuwa na alama za wanafunzi wa muhula mzima. Diski ilikuwa nzito kusoma lakini haikuwa imekufa. Tulinakili folda ya alama kwanza, picha zikafuata, na nyimbo tukaziacha mwisho. Diski dhaifu haina muda wa kuchezewa. Na ikiwa inagonga tak, tak, tak, izime papo hapo umpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Faili zikiwa salama, tengeneza flashi ya Windows kwa programu ya bure ya Microsoft. GB 8 zatosha. Washa mashine kwa flashi hiyo, chagua kurekebisha kompyuta, si kusakinisha, ufungue dirisha la kuandika amri (Command Prompt). Andika dir C: kwanza uone kama folda ya Windows imo, la sivyo jaribu dir D: na zinazofuata, maana humo herufi za diski huweza kubadilika. Ukishaipata herufi yenye Windows, andika chkdsk C: /f, ukiweka herufi uliyoiona. Hiyo hurekebisha mpangilio wa faili. Ukitaka ikague pia sehemu mbovu za diski, tumia /r, lakini hiyo huchukua saa nyingi na huitesa diski. Laptopu iwe kwenye chaji na betri imejaa, maana stima ikikatika katikati waweza kuharibu zaidi.

Windows ikiwaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow ili mafaili yake yaliyoharibika yarudishwe. Kisha ipime diski kwa CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski. Ikionya, na idadi ya sekta zilizohamishwa (sehemu mbovu zilizobadilishwa na za akiba) ikawa yaongezeka kila ukiangalia, nunua SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, na ile ya zamani usiitie tena kitu cha maana.