Mke wangu ndiye mnene, mbona sukari inapanda kwangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46, kilo 68, urefu sentimita 170. Mikono na miguu ni myembamba ila nina kitambi, kiuno kimefika sentimita 98. Mke wangu ana kilo 84, amejaa nyonga na mapaja, na vipimo vyake vyote viko sawa. Mimi sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4, presha 142/90, nikaanzishiwa kidonge cha kukojoza. Nimetumia wiki mbili chai ya mitishamba ya kuyeyusha mafuta ya tumbo, nimepungua kilo mbili. Niendelee nayo? Na imekuwaje niugue mimi mwembamba? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Chai iache leo hii, sababu nitakupa. Kwanza la mkeo.

Mafuta yake yamekaa chini ya ngozi ya nyonga na mapaja, na huko ni ghalani: yanaingia polepole, hayatoki ovyo. Ya kwako mengi yamo ndani, yamezunguka utumbo. Jifinye tumbo. Ukishika ngozi kidogo tu na kitambi ni kigumu kama ngoma, ujue mzigo uko nyuma ya misuli. Damu ya eneo hilo hupitia kwenye ini kabla ya kufika moyoni, ikibeba mafuta na kemikali zinazochochea mwili kuvimba kwa ndani. Ini likishajaa mafuta huacha kuisikiliza insulini, homoni inayoshusha sukari, likaendelea kumwaga sukari usiku kucha hata kama hujala. Ndiyo hiyo 6.4 ya asubuhi. Bado si kisukari, ila uko mlangoni.

Daktari Mfaransa Jean Vague wa Marseille aliliandika jambo hili mwaka 1947, na bado tunapima watu kwa mizani peke yake. Utafiti wa INTERHEART, wenye watu wapatao 27,000 kutoka nchi 52, ulionyesha kuwa ukubwa wa kiuno ukilinganishwa na nyonga hutabiri shambulio la moyo vizuri kuliko uwiano wa uzito na urefu. Wako wanaozaliwa karibu bila mafuta chini ya ngozi; ukiwaona utasema wana afya ya mwanariadha, kumbe wana kisukari kikali na ini lililojaa mafuta. Waliotumia stavudini, dawa ya enzi zile za ARV za mwanzo iliyomaliza mafuta ya chini ya ngozi, wanakumbuka mashavu na miguu kukonda. Kukosa ghala si bahati. Mkeo naye asijisahau, kwani hedhi ikikoma mafuta huanza kuhamia tumboni.

Sasa chai. Hakuna wiki inayopita bila mtu kuniletea pakiti ya namna hiyo, na nyingi ninazozisoma zina sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuharisha. Kilo zako mbili ni maji na choo. Mafuta hayatoki chooni, ndugu yangu! Mwili ukichoma kilo 10 za mafuta, takriban kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kabonidayoksaidi, zinazobaki huwa maji. Kwako kuna hatari zaidi: kuharisha hupoteza madini ya potasiamu, na vidonge vingi vya kukojoza hufanya vivyo hivyo. Potasiamu ikishuka sana, moyo hupiga ovyo. Kapime wiki hii.

Na hiyo ndiyo chai ya kistaarabu. Baadhi ya dawa za kupunguza mwili zinazouzwa kama "asilia" zimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Anayekuuzia kwenye simu hajui kilichomo, au anajua na amenyamaza. Mkanda wa kubana tumbo je? Kaza kamba kwenye gunia la mchele, kisha upime tena mchele. Hata kisu cha daktari kimeshindwa: mwaka 2004 watafiti waliwanyonya wanawake 15 wanene mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, karibu kilo 10 kila mmoja, na wiki kumi na zaidi baadaye presha na insulini vilikuwa palepale. Iwapo kilo 10 zilizotolewa hospitalini hazikusaidia, sembuse kikombe cha chai?

Mafuta ya ndani yana uzuri mmoja: huwahi kupungua mtu akianza kutembea kwa kasi, hata mizani isiposogea. Nusu saa, siku tano kwa wiki, mpaka pumzi ikukatekate. Soda na bia ziondoke. Ugali upungue, maharage na mboga viongezeke. Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Lengo lako ni chini ya 85, yaani nusu ya urefu wako. Kidonge cha presha usikiache, na sukari irudie baada ya miezi mitatu.

Pakiti ya chai usiitupe. Nenda nayo kliniki, daktari wako aone ulichokuwa unakunywa, kama kimeandikwa.