Usiiweke bado kwenye intaneti

Ndugu yangu, umeuliza kama seva ndogo (programu inayowapa wageni mafaili kupitia mtandao) ya lugha ya Python uliyoandikiwa na akili mnemba, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yako hapo Nkuhungu, Dodoma, inaweza kuwekwa kwenye intaneti jinsi ilivyo ili wakulima wa zabibu waone bei. Naomba usiiweke bado. Tatizo liko kwenye mstari unaopokea njia ya faili kutoka kwa mgeni na kuiunganisha moja kwa moja na jina la folda yako, kwani mtu akirudia nukta mbili na mkwaju, yaani ../, mara kadhaa, atatoka nje ya folda hiyo na kusoma hata /etc/passwd, faili la Linux lenye orodha ya watumiaji wa kompyuta. Kivinjari huzifuta nukta hizo chenyewe, kwa hiyo jaribu kwa curl, programu ya kutuma maombi kwa seva kwa kuandika amri, ukiongeza --path-as-is ili nukta zibaki zilivyo. Mimi nilipofanya hivyo kwenye seva yangu ya kwanza, faili lilifunguka lote mbele ya macho yangu. Kabla ya kufungua faili lolote, hakikisha kwamba njia kamili bado imo ndani ya folda uliyoikusudia. Wakati wa majaribio, badilisha pia anwani ambayo seva inasikiliza, kutoka 0.0.0.0 (inayopokea maombi ya kompyuta nyingine pia) iwe 127.0.0.1, ili seva ipokee maombi ya kompyuta yako tu.