Kwa nini wanasimulia moto

Umeuliza kwa nini wanamaji wakongwe wa meli za kubeba ndege husimulia moto kuliko risasi. Ndugu yangu, itazame USS Franklin ya Marekani, 19 Machi 1945, karibu na pwani ya Japani. Ndege moja tu ya adui ikaiangushia mabomu mawili. Lakini sitahani na kwenye ghala la chini zilipangwa ndege zilizojaa mafuta na silaha, tayari kuruka. Hizo ndizo zilizolipuka, moja baada ya nyingine. Walikufa zaidi ya 800. Mabaharia kama 300 walikwama chumba cha kulia, gizani, moshi umejaa. Luteni Donald Gary akapapasa mpaka akapata njia, kisha akarudi mara tatu kuwatoa. Mara tatu, ndani ya moto ule!