Hospitali zimejaa mtaani, mbona bili haishuki?

SWALI: Salaam aleikum Mzee wa Bili. Mie nakaa Bamburi, Mombasa, zamani huku kwetu ukiumwa ni zahanati moja tu ama ushuke mpaka Kosti Jenero, hospitali kubwa ya serikali, sa hospitali za kibinafsi zimeota kama uyoga, moja ina mpaka maporomoko ya maji pale mapokezi. Nlidhani zikiwa nyingi zitagombania wateja bei ishuke, kama maduka ya simu. Babangu akapasuliwa ngiri, tukaambiwa 80,000, bili ikatoka 117,400. Na upande wa pili pia kuna ngiri, daktari asema hiyo ingoje kwanza. Hebu nambie, hawa wanashindana bei ama wanashindania mifuko yetu?

JIBU: Waleikum salaam mwanangu, na mzee mpe pole. Mie nlikaa nyuma ya dirisha la malipo miaka 17, hospitali siitaji, na katika miaka yote hiyo waliokuja kuniuliza bei kabla ya kulazwa nawahesabu kwa vidole, wengi waliuliza baada, wakilia.

Sokoni Kongowea nyanya waibinya, usipoipenda wavuka kwa jirani. Upasuaji huubinyi, na ukishavaa ile gauni ya mgongo wazi huvuki popote. Mchumi wa Marekani Kenneth Arrow aliliandika hilo tangu 1963, kwamba mgonjwa hajui anachonunua, anayejua ni yule yule anayemuuzia.

Sasa hospitali ikitaka wateja yamtongoza nani? Si wewe. Yamtongoza daktari bingwa, maana bingwa mmoja leo apasua Nyali kesho apasua Kizingo, na pale atakapopenda thieta, yani chumba cha upasuaji, ndipo atakapokupeleka. Kwa hivyo jirani akinunua MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na huyu anunua, jirani akiweka marumaru huyu aweka maporomoko ya maji (hayo maporomoko yako kwenye bili ya babako, hayajaandikwa tu). Na mashine ikishakuja lazima ilishwe, deni la benki halingoji mtu augue, basi kila kichwa kikiuma kidogo chaandikiwa picha. Marekani miaka ya 1980 watafiti walikuta hospitali zenye majirani wengi ndizo zilizokuwa na gharama kubwa, wakayaita mashindano ya silaha, kama ya Marekani na Urusi.

Lakini usikimbilie kusema ushindani ni mbaya, maana huko huko baadaye kampuni za bima zilipoanza kubishania bei na kutishia kupeleka wateja wao kwengine, mambo yaligeuka, kuanzia miaka ya 1990 wazee wenye mshtuko wa moyo kwenye maeneo ya ushindani walitibiwa kwa gharama ndogo na wengi zaidi walipona. Na utafiti wa 2019 ulikuta hospitali iliyo peke yake eneo zima hutoza bima kama asilimia 12 zaidi ya zile zenye wapinzani wanne na kuendelea. Kwa hivyo mwenye nguvu ya kusema "hapana, nahama" ndiye anayeshusha bei, na wewe na babako kitandani nguvu hiyo hamna.

Uingereza wao walifunga bei kabisa, serikali yapanga, na 2006 wagonjwa wakapewa uhuru wa kuchagua hospitali, vifo vya moyo vikapungua zaidi kule kwenye hospitali nyingi na matumizi hayakupanda. Bei ikifungwa huwezi kugombania bei, utagombania kazi nzuri.

Kwetu Kenya SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani NHIF Oktoba 2024 nayo ilikuja na bei zake, kujifungua kawaida 10,000, kwa opresheni 30,000, kuosha figo 10,650 kila kikao. Shida ni ile "nyongeza", hospitali ya kibinafsi yachukua ya SHA halafu yakwambia ongeza juu. Hapo kwenye nyongeza ndipo wanapotofautiana sana, yani mtaa mmoja, ngiri ile ile, daktari yule yule.

Sa hiyo 37,400 yako. Rudi kaombe mchanganuo, mstari kwa mstari, ni haki yako wasikuzungushe. Mara nyingi "80,000" huwa ni thieta na daktari mpasuaji tu, daktari wa usingizi yuko kando, dawa kando, kitanda kando, na glavu, mimi nshawahi kuona bili ya mtu mmoja siku mbili glavu jozi 34, hata golikipa hamalizi.

Ngiri ya pili haina haraka alivyosema daktari, lakini ikivimba ghafla ikauma na isirudi ndani hapo sahau bei, kimbia. Kama bado yangoja, pigia hospitali tatu, uliza bei ya furushi zima na SHA ikishatoa yake, wakutumie kwa maandishi hata ni WhatsApp, na uulize kwa jina: daktari wa usingizi yumo ama hayumo?