Forester ya 2004: sifa ni za kweli, ila kagua injini

Ndugu, umeuliza kama Forester ya 2004, injini ya lita 2.5, inastahili jina la Subaru. Jina hilo lina mizizi: kampuni ilichipuka kutoka kiwanda cha ndege cha Nakajima, ikatoa gari dogo liitwalo Subaru 360 mwaka 1958, na injini ya pistoni zilizolala mwaka 1966. Nyota za nembo ni kundi la nyota tunaloliita Kilimia. Napenda sana magari haya.

Lakini injini hiyo inajulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta, washa injini, tazama mapovu kwenye maji, maana yakiendelea huenda gasketi imeungua. Ikiwa ya moto usifungue, utaungua. Uliza pia mkanda wa taimingi (unaoendesha vali za injini) ulibadilishwa lini. Mapovu yakiendelea kutoka, usilipe kabla fundi anayezijua Subaru hajapima presha.